Uongo Tulioualika

Bibi hakuanza hadithi mpaka tumwitikie. Alikaa kwenye kigoda chake uani, mgongo umeegemea ukuta, akasema, "Hadithi, hadithi!" Kama sauti zetu zilikuwa legelege, alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele kwenye ungo kwa mwanga wa koroboi kana kwamba hatupo. Tulijua tumekosea. Tukajisogeza, watoto saba au wanane, wengine si wa kwetu, tukapaza kwa pamoja: "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!" Hapo ndipo sungura alipoingia uani kwetu Ujiji, na fisi nyuma yake.

Maneno yale niliyatamka utoto wangu wote bila kuyasikia. Nilikuja kuyasikia nikiwa mtu mzima, nina familia na kibanda cha wakala wa fedha za simu, siku niliyomsikia mtoto wa jirani akiyaimba peke yake njiani. Uongo njoo. Kumbe sisi ndio tulikuwa tukiuita! Bibi hakutudanganya hata siku moja. Alitujulisha mapema kwamba anayekuja ni uongo, akauliza kama tunamtaka, nasi tukamfungulia mlango kwa kelele. Na akishaingia, kila mtu alimwona: fisi alikuwa na uzito, alikuwa na harufu, na mdogo wangu alikataa kwenda chooni peke yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama mambo mengi kwa jicho hilo. Nani ameuita uongo huu? Nani ameuitikia?

Kibanda changu kiko Kibirizi, hapa Kigoma, pale boti za mbao zinapopakia watu na mizigo ya kwenda Burundi na Kongo, na dagaa wanapoanikwa. Usiku wa giza ukisimama ufukweni utaona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani, utadhani kuna mji mwingine huko majini. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Biashara yangu nayo inafuata mwezi. Giza likiingia, wanunuzi wanakuja kutoka kila upande, simu zinalia, na mimi kutwa nauliza swali lile lile: "Jina limekuja nani?"

Jumamosi moja, katikati ya giza zuri, mtandao ulikata saa tatu asubuhi. Kila kibanda kilikuwa hivyo hivyo. Mbele yangu alisimama mama wa Tabora ninayemfahamu miaka mingi, anayechukua dagaa kupeleka sokoni kwao. Hela ya magunia manne ilikuwa kwenye simu yake. Akanigeuzia kioo nione meseji ya jana usiku, salio lote liko pale, halijapungua hata shilingi. Lakini kwa salio hilo hakuweza kununua hata kikombe cha chai. Muuza dagaa, mama mmoja wa Kibirizi mwenye sauti ya kuamrisha, aliitazama meseji ile kwa huruma ya kweli, akasema, "Dada yangu, nitawapikia nini watoto?"

Tukangoja. Saa nne, saa tano, saa sita. Treni ina saa yake na haimsubiri mtu. Mama wa Tabora alianza kufuta macho kwa ncha ya kanga. Mwishowe yule muuza dagaa akanigeukia. "Kaka, ukiandika wewe, mimi nampa." Nikatoa daftari langu, lile la kurasa mia lenye mafuta ya mandazi kwenye jalada. Nikaandika tarehe, magunia manne, kiasi. Mmoja akasaini, mwingine akaweka dole gumba. Mizigo ikapanda bodaboda. Mtandao ulirudi saa kumi na mbili jioni, na kabla sijafunga kibanda hela ilikuwa imeshaingia, kamili.

Watu wananiambia hiyo ni hadithi ya uaminifu, na ni kweli. Ila mimi naona na kitu kingine. Noti ya elfu kumi ni karatasi. Meseji ni mwanga kwenye kioo. Daftari langu hata kufungia sukari halifai. Kilichoyabeba magunia yale manne ni watu watatu kukubali kuamini jambo moja kwa wakati mmoja. Asubuhi tuliamini kioo, mchana tukaamini daftari, jioni tukarudi kwenye kioo. Dagaa wenyewe hawakubadilika.

Wala Ujiji si wageni wa jambo hilo. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapa Februari 1874 katika safari yake ya kulikata bara kutoka pwani hadi pwani, akaliandika soko letu. Fedha ya soko ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo kama vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Soko linapofunguliwa, wanaume wenye mikoba iliyojaa sofi walikaa na kuwabadilishia wanunuzi shanga zao za aina nyingine. Soko likifungwa, walizichukua sofi zile zile kutoka kwa wauzaji, na walipata faida kwenda na kurudi. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu kibandani. Wale ni mababu zangu kwa kazi! Walikaa chini ya kivuli kama mimi, wakigeuza kitu kisicholiwa kuwa samaki na mafuta ya mawese, kwa sababu tu soko zima lilikuwa limeitikia. Leo ukiokota sofi njiani utampa mtoto achezee. Soko liliacha kuitikia, zikawa vipande vya mrija tena.

Lakini soko lile lile liliuza watu, na hilo sitaliruka. Kwamba mtu anaweza kuwa mali ya mtu ni hadithi pia. Iliitikiwa na waliouza, walionunua, walioandika hesabu na waliokunywa chai yenye sukari mbali na hapa. Mmoja tu hakuitikia, yule aliyefungwa.

Upande wa baba yangu ni Wamanyema. Babu wa babu alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, na mpaka leo ukoo haujakubaliana alivukaje. Shangazi anasema alikuja kama mpagazi wa pembe za ndovu, mtu huru mwenye mkuki wake. Baba mdogo anasema hapana, alivushwa. Ni kama ile miembe mizee ya Ujiji inayofuata njia ya misafara. Wapo wanaosema Waarabu waliipanda kwa makusudi, wapate kivuli na tunda. Wapo wanaosema iliota kwenye kokwa zilizotupwa na watumwa njiani. Miembe ni ile ile na embe ni tamu vile vile. Ila mtoto aliyelelewa na hadithi ya kwanza hapiti chini yake kama aliyelelewa na ya pili. Mimi nimelelewa na zote mbili, na nikipita pale huwa napunguza mwendo.

Nchi nayo ni hivyo. Ziwa letu lilikuwa na jina kabla ya nchi kuwa nalo. Waingereza ndio waliolichukua mwaka 1920 wakaliita koloni walilowanyang'anya Wajerumani: Tanganyika. Kabla ya hapo Muha wa Heru na Mnyamwezi wa Unyanyembe wangekutana njiani kama wageni kabisa, na wa Lindi wasingemjua. Jina likashuka juu ya watu wote hao, na kwa muda lilikuwa jina la kwenye ramani tu. Ilibidi watu waliitikie.

Kwangu mimi mahali palipoitikiwa kwa sauti kubwa ni Tabora, Januari 1958, kwenye mkutano wa TANU, chama kilichodai uhuru. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti la kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi mkutanoni waliliona ni tusi, na lilikuwa tusi kweli. Nyerere, ambaye Tabora ilimjua tangu akiwa mwanafunzi wa mwaka 1937, na baadaye mwalimu, alisimama kutetea kuingia kwenye uchaguzi huo huo wenye kasoro. Alishinda hoja. Zuberi Mtemvu, aliyepinga, alitoka akaunda chama chake. Wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda, wa rangi zote tatu, na uhuru ukaja Desemba 9, 1961. Mkutano ule tunauita Uamuzi wa Busara. Naamini pale Tabora walikuwa wakiamua zaidi ya kura: huyu Mtanganyika tunayemwimba ni nani hasa, na je, Mhindi wa dukani yumo? Wangeweza kujibu vingine, na leo tungekuwa tunaishi ndani ya hadithi nyingine. Muungano ulipokuja mwaka 1964 na nchi ikawa Tanzania, jina la zamani likarudi ziwani lilikotoka.

Nina mteja, mzee wa Ulyankulu kule Tabora, anayepita Kibirizi akienda kuona ndugu. Alivuka mpaka mwaka 1972 akikimbia mauaji ya Burundi, kijana wa miaka kumi na kitu. Amelima tumbaku Tabora karibu maisha yake yote. Yeye na Waha wa sokoni wanaongea kila mtu lugha yake na wanaelewana bila mkalimani, kwa sababu mstari uliowatenganisha ulichorwa na watu waliokaa mezani Ulaya. Kuanzia mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa kundi lake walipewa vyeti vya uraia. Chake anatembea nacho mfuko wa shati, ndani ya nailoni. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, hicho si ungekiacha nyumbani?" Akakitoa, akakifungua, akanionyesha jina lake kwa kidole. "Mwanangu, mvua iliyoninyeshea ni ya hapa miaka yote hiyo. Lakini karatasi hii ndiyo inayowaambia wengine."

Sasa niseme habari ya utani, kwa sababu sijui kitu chochote walichobuni watu wa nchi hii kinachonivutia zaidi.

Mama yangu ni Mnyamwezi. Kwa hiyo Wazaramo ni watani zangu, na Wagogo, na Wangoni. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wakubwa wa karne ya 19, wakibeba pembe na bidhaa kati ya huku na Bagamoyo, na kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Njiani walipita kwa wenyeji. Wagogo walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na Wazaramo walikaa mwisho wa njia, karibu na bahari. Wangoni, walioitwa Watuta, waliingia Unyamwezi katikati ya karne hiyo kwa mikuki. Panapopita watu na mali vile, pana ugomvi, pana vifo, pana maiti za mbali zinazohitaji wa kuzizika. Nao wakaufanya ugomvi ule kuwa mchezo wenye sheria. Mtani wako anakuita mtumwa wake, anakupora kuku, anakutukana mbele ya wakwe, nawe huruhusiwi kununa. Ukifa ugenini, yeye ndiye anayekuzika. Hebu fikiria mpagazi aliyeugua homa, siku nyingi kutoka kwao, hana ndugu hata mmoja njiani, halafu mtu wa kabila jingine anasogea na kumwambia, "Wewe mtumwa wangu, hufii hapa." Mtumwa hakuwa, na wote wawili walijua. Uongo njoo. Na kwa sababu ya uongo huo mtu alipata maji ya kunywa.

Bibi aliyetusimulia hadithi hakuwa bibi yangu mzaa mama. Ni mdogo wake. Nimechelewa kulisema hilo kwa sababu sipendi kufika hapa.

Alikuja kwetu kwa treni kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Tabora, kabla sijaanza shule. Alikuwa na kifurushi kimoja cha nguo na ungo wake. Macho yake yalikuwa mekundu, mekundu ya kudumu, na sisi watoto hatukuona ajabu yoyote, tulidhani ndivyo bibi wanavyokuwa. Alikuwa amepika miaka zaidi ya arobaini kwenye kibanda kisicho na dirisha, mafiga matatu, kuni mbichi wakati wa masika, akiinama kupuliza. Moshi ndio uliompa macho yale. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma macho mekundu ya mwanamke mzee yamechukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi, na kwa sababu hiyo vikongwe wengi wamekatwa mapanga ndani ya nyumba zao.

Mtoto wa jirani alikuwa amekufa. Wazazi wakaenda kupiga ramli. Mpiga ramli hakutaja jina. Alisema tu ni mwanamke wa upande wa machweo ambaye macho yake hayalali. Waliporudi, kila mtu kijijini alishajua nyumba gani. Walisema huo ungo wake ndio anaorukia usiku. Siku ya tatu mawe yakaanza kuanguka juu ya bati. Mjomba alimtoa alfajiri, wakatembea kwa miguu mpaka stesheni, yeye amejifunika kanga uso mzima.

Mama ndiye aliyenisimulia haya, nikiwa nimeshaoa. Niliuliza maswali mengi, na jibu moja limenikaa kama mwiba. Nilimuuliza kama majirani wote walihusika. Akasema ndiyo, hata waliokuwa hawasemezani. Waliogombania mpaka wa shamba miaka kumi walisimama bega kwa bega usiku ule. Kijiji kile hakijawahi kuwa kitu kimoja kama usiku walipompiga mawe bibi yangu.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasifu mshikamano na imani ya pamoja kana kwamba ni kitu chema kwa chenyewe, nanyamaza. Hadithi iliyomfukuza bibi ilikuwa na nguvu ile ile ya sofi, ya cheti na ya utani. Iliunganisha watu. Lakini haikubisha hodi. Hakuna aliyesimama mlangoni akasema huu unaokuja ni uongo, mnautaka? Iliingia imevaa nguo za kweli, na aliyeulizia angeulizwa na yeye macho yake yakoje. Sidhani kwamba dawa yake ni kuwaambia watu waache kuamini pamoja. Tukiacha, kesho sina kazi, mzee wa Ulyankulu hana nchi, na magunia manne ya dagaa yanaoza ufukweni. Mimi najali kitu kimoja: kama msikilizaji ana haki ya kunyamaza. Bibi alituachia haki hiyo kila usiku. Sauti zikilegea, alirudi kwenye mchele wake.

Alifariki usingizini, hapa hapa Ujiji. Tulipeleka habari kwao, na wakaja kwa treni, watu sita. Miongoni mwao alikuwa mwana wa kaka yake, mzee kidogo sasa, ambaye mwaka ule alikuwa kijana kati ya vijana. Hakuna aliyemsemesha vibaya. Tulimpa kiti, tukampa maji, akakaa pembeni akitazama chini. Watu wa msibani wote walijua, na wote walikuwa na adabu.

Wakati wa kutoa jeneza ulipofika, mtani akalala mlangoni.

Alikuwa Mzaramo mstaafu wa reli, jirani yetu, ambaye kwa miaka yote alimwita bibi "mke wangu" na kumdai ugali. Alijilaza kizingitini chali, mikono kifuani, akafumba macho. Wabebaji wakasimama. Wanawake wakaanza kucheka katikati ya kulia, kwa sababu ndivyo inavyokuwa, mtani anataka elfu moja yake apishe. Mtu akamtupia noti. Hakuigusa.

"Huyu haendi popote," akasema, bado amefumba macho. "Kuna watu wana deni lake. Macho haya mliyaona mekundu mkayakimbia. Mimi nimeyatunza. Leo yamefumba, ndiyo mnakuja kulia? Wanyamwezi, lipeni."

Kicheko kikakatika. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kusema maneno yale mbele ya maiti na akaondoka salama. Angekuwa ndugu, pangekuwa na ngumi. Angekuwa kiongozi wa dini, wangeinuka waondoke. Lakini alikuwa mtani, na mtani hanuniwi.

Yule mwana wa kaka akainuka kwenye kiti. Akatoa elfu tano, akaja nayo mpaka mlangoni, akaiweka juu ya kifua cha mzee. Mkono ulikuwa unatetemeka.

"Haitoshi," mtani akasema. "Sema."

"Niseme nini, babu?"

"Sema alikuwa akipika."

Tulingoja. Wabebaji walikuwa wameanza kubadilishana mabega.

"Alikuwa akipika," akasema. Halafu tena, kwa sauti tuliyoisikia mpaka nje, "Alikuwa akipika tu."

Mzee akainuka, akajipangusa vumbi, jeneza likapita.

Ile elfu tano ilinunua sukari ya chai ya matanga. Ungo wa bibi ulikuwa umetundikwa ukutani pale pale ulipokuwa siku zote, na jioni wanawake waliushusha wakapepetea mchele wa wageni.